Kitambaa Chekundu kwenye Waya Mweusi

Hakufuta viatu. Hilo ndilo jambo la kwanza Notburga Mapunda aliloliona, kabla hajaliona begi la vifaa wala shati lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama yenyewe. Injinia Calvin alipanda vidato viwili vya trela, na udongo mwekundu wa Ruhuwiko ukapanda pamoja naye. Akakiruka kitambaa cha mlangoni kana kwamba kimetandikiwa mbwa, akasimama katikati ya sakafu iliyopigwa deki tangu saa kumi na mbili asubuhi.

"Mambo vipi, mama," alisema, macho yakiwa kwenye simu.

Notburga alikuwa na miaka hamsini na saba na wajukuu wanne. Alisubiri shikamoo kidogo, kama mtu anavyosubiri chenji dukani, akaona haiji.

"Poa," alijibu, neno ambalo hakuwahi kulitamka tangu azaliwe.

Calvin hakutambua hata kwamba ametukanwa. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akakizungusha kushoto na kulia kama mtoto aliyepata bembea, akamaliza kuandika ujumbe wake. Notburga akamtia kwenye kapu la watu wasiofaa kitu. Kapu hilo halikuwa dogo. Mlikuwamo mafundi watatu waliokuja kabla yake, mlikuwamo kamati yote ya huduma, watu wazima saba waliokutana kunywa soda na kuamua mambo ya trela ambalo hawajawahi kulifagia, na mlikuwamo yule mfanyabiashara wa Tunduru, Twaha, ambaye wiki iliyopita alilipima kwa hatua zake akasema friji la soda litakaa hapa na jiko la chipsi pale.

Pale penyewe ndipo palipokuwa na sinki la kusafishia koleo za meno.

Trela lile lilikuwa kliniki. Lilikuja kutoka Marekani miaka kumi na tisa iliyopita pamoja na daktari mzee aliyeitwa Leo, nyumba nyeupe ya magurudumu yenye kiti kimoja, taa moja ya kuning'inia, pampu ya maji na kitanda cha daktari kulala. Gari lilikuwa likilivuta mpaka Namtumbo, Mbinga, hadi vijiji vya ndani kabisa vya Tunduru. Leo aling'oa meno. Notburga alishika vichwa. Aliajiriwa afagie, lakini siku ya tatu kijana mmoja aliruka kitini na koleo mdomoni, na Notburga akaacha ufagio, akamshika mashavu kwa viganja vyote viwili. "Fungua mdomo, mwanangu," alimwambia. "Fungua tu, haiumi." Iliuma sana. Lakini alifungua, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia Notburga arudi kwenye ufagio, ingawa na wa kufagia hakuajiriwa mwingine.

Leo alishazeeka akarudi kwao, na huko akafariki. Sasa daktari alikuwa Careen, binti wa hapa hapa Songea, mwenye mkono mwepesi na aibu ya kuwasemesha wakubwa. Na trela lilikuwa limesimama uani miaka miwili, kwa sababu konveta yake ilikuwa imekufa. Konveta ni mashine inayochukua umeme wa ukutani, mkali, na kuufanya umeme mpole wa betri, ule unaowasha taa na kusukuma pampu, huku ikiichaji betri yenyewe kwa ajili ya kule porini kusikokuwa na ukuta wala umeme. Bila konveta, trela lile ni bati lenye kiti.

Mpya ilikuwa imefika kutoka Dar, ndani ya boksi. Kamati nayo ikatoa neno lake la mwisho: leo saa kumi jioni taa iwe imewaka, Ijumaa trela liende Hanga. Isipowaka, Twaha alichukue. Na likichukuliwa, Notburga arudi Mfaranyaki akakae barazani kwa mdogo wake Suzana, auze vitumbua, aulizwe na kila mpita njia kama ile kazi ya kizungu imeisha.

Alikuwa tayari kuuvumilia ujinga mwingi ili hilo lisitokee. Hakujua tu kwamba ujinga wa leo utakuja na kola.

"Hii waringi kafanya nani?" Calvin alikuwa amepiga magoti nyuma kabisa, kichwa chini ya sinki. "Hebu ona! Konveta chini ya bomba la maji. Halafu betri iko kule mbele, nje. Waya unatembea trela zima, mwembamba kama tambi. Umeme ukifika kwenye betri umeshachoka. Huyu mzungu wenu alikuwa daktari au mganga?"

Kilichomuuma Notburga ni kwamba alikuwa anasema kweli. Miaka mingi aliweka bakuli la plastiki chini ya bomba lile ili maji yasiidondokee mashine, na miaka mingi betri zilichemka na kufa kabla ya wakati, na Leo alikuwa akizitazama na kutikisa kichwa na kusema mwakani nitaihamisha. Mwakani haikuja. Lakini kosa la Leo lilikuwa la Leo, na la kusemwa na waliokula naye ugali, si na mtu aliyefika na bodaboda saa tatu asubuhi na kuacha nyayo.

"Alikuwa daktari," alisema.

"Sasa tunaihamisha," Calvin alisema, kana kwamba amegundua dawa ya malaria. "Inakaa mbele, karibu na betri. Waya mnene, mfupi. Ule wa ukutani ndio tunaurefusha, hauna shida. Umenielewa mama?"

"Sijasoma mimi."

"Usijali."

Hakujali. Alikwenda mbele, akafungua kabati ambamo Notburga aliweka mataulo na aproni, akazitoa kwa mikono miwili na kuzibwaga sakafuni, juu ya nyayo zake mwenyewe. Kisha akafungua boksi la mashine mpya. Karatasi ya maelezo aliitupa bila kuikunjua. Kifuko kidogo cha plastiki kikaanguka nayo, kikateleza chini ya kiti. "Maelezo ni ya wasiojua," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Notburga akaokota mataulo. Akaokota na karatasi, na kifuko. Mle ndani mlikuwa na fyuzi mbili bapa za rangi ya kijani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameokota vitu ambavyo watu wenye elimu wanaviangusha, na hakuwahi kukosa siku ya kuvihitaji. Akazifunga kwenye pindo la kitenge chake, akakaza fundo.

Ukweli usemwe, mkono wa yule kijana haukuwa mbaya. Alikata ubao kwa kipimo, akautoboa, akaikaza mashine kwa skrubu nne bila kupasua kitu. Waya wa ukutani aliupitisha chini ya benchi zote kwa vibanio, umenyooka vizuri. Kama angekuwa bubu, Notburga angemchemshia chai. Lakini alikuwa akizisema diploma zake mbili wakati wote, na simu, na yeye mwenyewe, na Twaha, ambaye alikuwa ameshafika kabla ya wakati, amekaa juu ya dumu kivulini akitafuna korosho zake na kungoja kwa adabu kama mtu anayengoja maiti itolewe.

Saa saba na nusu zilibaki nyaya mbili tu. Zilitokea sakafuni, kutoka kwenye boksi la betri lililoko nje, pale trela linapofungwa kwenye gari. Moja ilikuwa nyeupe. Nyingine ilikuwa nyeusi, na shingoni mwake palifungwa kipande cha kitambaa chekundu, kimechakaa, kimeshika vumbi na mafuta, chenye mafundo matatu.

Notburga alikifunga yeye mwenyewe, kwa kipande cha kitenge chake cha zamani, mwaka ule wa kwanza. Daktari Leo alimwita akamwonyesha. "Kwetu," alimwambia kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, "kwenye nyumba za magurudumu, nyeusi ndiyo chanya. Nyeupe ndiyo hasi. Hapa mafundi wote wa magari watadhani kinyume, wataunguza. Tafuta kitu chekundu ufunge. Nyekundu kila fundi anaijua." Notburga akafunga. Mafundi watatu walikuja baadaye, wajinga kwa mambo mengine mengi, lakini wote walikiona kitambaa wakauliza, wakaambiwa, wakaelewa.

Calvin alikiona pia.

"Fundi," Notburga alisema, na alijilazimisha sauti iwe laini, kwa sababu ya Ijumaa, "hapo mambo yake ni tofauti kidogo. Hiyo nyeusi ndiyo yenye moto."

Calvin akageuka polepole. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alimtazama usoni, na Notburga alijutia kutazamwa.

"Mama. Nyeusi ni negativu. Kuanzia hapa mpaka Ulaya. Mtoto wa chekechea anajua."

"Ilitoka Marekani. Ukifunua boksi la betri hapo nje utaona imeingia kwenye..."

"Mama yangu, kila mtu na kazi yake. Mimi nimekuambia namna ya kushika ufagio?" Kisha akakivuta kile kitambaa kwa ncha mbili za vidole, akakinusa, akakunja pua. Akaita kwa sauti iliyofika uani: "Daktari! Daktari Careen, njoo uone maajabu. Kumbe kliniki yenu ina hirizi!"

Careen alikuja mbio kutoka ofisini, akachungulia mlangoni. Twaha naye alisimama na korosho zake mkononi.

"Ona. Nyekundu, mafundo matatu. Halafu mnashangaa mashine zinakufa. Nani kafunga hii? Wewe, bibi?"

Bibi. Asubuhi alikuwa mama, na sasa hivi, mbele ya watu, alikuwa bibi wa hirizi. Notburga alisubiri Careen aseme kitu. Careen alikuwa ameona kitambaa kile mara mia. Lakini ilikuwa siku ndefu, kamati ilikuwa imempigia simu mara mbili, na yule kijana alikitikisa kile kitambaa kwa namna ya kuchekesha, na Careen akacheka. Alicheka kidogo tu, akaziba mdomo kwa mkono.

Kicheko hicho kilitosha. Calvin alichukua kisu, akakata mafundo, akakirusha kitambaa nje kupitia mlangoni. Notburga akashuka vidato viwili, akainama, akakiokota kwenye vumbi. Magoti yake yalilia na kila mtu aliyasikia.

Careen alimsogelea. Labda alikuwa amejuta. "Mama Notburga," alisema taratibu, "kila kitu kiko sawa humo?"

Hapo ndipo palikuwa pahali pa kusema. Notburga alijua hivyo wakati ule ule. Hakuna anayeweza kumsingizia kwamba hakujua. Sentensi moja ilitosha, na ilikuwa imeshafika kwenye meno. Lakini aliuona ule mkono uliokuwa umeziba kicheko, na nyuma yake aliona nyayo kwenye sakafu yake, na hasira ikamjaa tamu, nzito, kama togwa iliyokaa siku tatu. Wacha aone, alijiambia. Asiyesikia la mkuu. Wacha huyo wa chekechea aone.

"Muulize injinia," alisema. "Mimi wa kufagia."

Careen alisita, kisha akarudi ofisini.

Notburga akasimama mlangoni kutazama. Alikuwa amesimama hivyo hivyo maelfu ya mara akitazama jino likitoka, na alijua ni lini mtu atapiga kelele. Boksi la betri lilikuwa hatua mbili kutoka pale, na mfuniko wake haukuwa hata na kufuli. Calvin angeinama tu. Lakini kuinama kulihitaji kupiga goti kwenye udongo, na suruali nayo ilikuwa imepigwa pasi. Na betri ilikuwa imeshiba vizuri, kwa sababu jana Notburga aliipakia mwenyewe kwenye bodaboda, akaipeleka kuchajiwa Mfaranyaki, akairudisha na kuifunga mwenyewe, nyeusi kwenye chanya, nyeupe kwenye hasi, kama alivyofundishwa.

Calvin alikaza nyeusi kwenye hasi ya mashine. Hakuna kilichotokea. Akachukua nyeupe, akaisogeza kwenye chanya, kidole gumba juu ya shaba.

Ulikuwa mlio mfupi, mkavu, kama kuni mbichi ikipasuka jikoni, na mwanga wa buluu uliojaza kabati zima. Calvin alipiga yowe akarudi kinyumenyume mpaka kwenye kiti cha wagonjwa, akakikalia bila kutaka. Moshi mwembamba ulipanda. Ulinuka plastiki, na ndani ya plastiki ulinuka ngozi.

Furaha ya Notburga ilidumu kwa muda wa kumeza mate. Kisha aliona kile kidole. Ngozi ya gumba ilikuwa imekuwa nyeupe na katikati yake nyeusi, na kijana alikuwa amekishika mbele ya uso wake, karibu kabisa na macho, akikitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine. Bila elimu yake, alikuwa kama yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti kile.

"Lete," Notburga alisema.

Miguu yake ilikwenda yenyewe kwenye ndoo ya maji safi. Aliukamata mkono, akauzamisha, akaushikilia humo Calvin alipotaka kuutoa. "Tulia, mwanangu. Tulia tu." Aliushika mpaka maji ya kwanza yakapata uvuguvugu, akamwaga, akaweka mengine. Kisha akafungua droo ya bandeji, na droo ilikuwa tupu, kwa sababu miaka miwili hakuna aliyenunua bandeji. Akachana taulo jeupe safi, akafunika jeraha. Kamba ya kufungia hakuwa nayo. Alikuwa na kile kitambaa chekundu mfukoni mwa aproni. Akakata nusu yake kwa mkasi, akafunga, na kwa kuwa vidole vyake havikujua kufunga kwa namna nyingine, akapiga mafundo matatu.

Calvin alitazama gumba lake. Uso wake ukabadilika rangi.

"Nilisema," alinong'ona. Kisha akasimama, na sauti ikampanda. "Nilisema humu mna mambo! Nyaya sawa, mashine mpya, inalipukaje? Daktari! Mashine imekufa, na mimi humu sirudi. Mtafute padri kwanza. Huyu bibi anajua alichofanya!"

Akakusanya nusu ya vifaa vyake na kuacha nusu, akatembea upesi mpaka barabarani huku akitazama nyuma. Mtu wa diploma mbili akapanda bodaboda na kwenda zake mjini akiwa ameinua gumba juu lisiguswe, kitambaa chekundu kikipepea mbele ya wapita njia wote. Wakati mwingine wowote Notburga angekaa chini acheke mpaka alie.

Twaha alikung'uta maganda ya korosho kwenye kanzu. "Pole, mama," alisema, na kwa bahati mbaya alimaanisha. "Daktari, mimi naweza kuja na gari la kuvuta saa kumi. Au kesho, inshallah, msiwe na haraka."

Careen alikuwa ameshika simu. Hakuwa amepiga bado. Alimtazama Notburga, na mle machoni, kwa mbali, Notburga akaiona: hofu ndogo, ya aibu, ya mtu aliyesoma anayejiuliza kama labda ni kweli. Watu walikuwa wameshawahi kumdharau Notburga Mapunda kwa mambo mengi, lakini hakuna aliyewahi kumwogopa, na aligundua kwamba kuogopwa kunachafua zaidi.

"Hakuna uchawi hapa," alisema kwa ukali. "Kuna upumbavu. Nipe nusu saa."

Akatoka nje, akapiga goti kwenye udongo uliomshinda injinia, akafunua boksi la betri. Spana namba kumi ilikuwa pale pale alipoifichaga. Akalegeza, akautoa waya mweusi kwenye chanya, akauviringishia kipande cha lile taulo usiguse kitu. Akarudi ndani, akachukua bisibisi ya Calvin iliyosahauliwa sakafuni. Nyeusi aliitoa kwenye hasi, akaipeleka kwenye chanya. Nyeupe akaipeleka kwenye hasi. Alifanya polepole, akitaja kila kitu kwa sauti ya chini kama Leo alivyokuwa akifanya, mpaka Careen akasogea na kusimama nyuma yake asikilize.

Pembeni mwa mashine palikuwa na kidirisha kidogo cha plastiki. Yule mjuzi hakukifungua, kwa sababu kimeandikwa kwenye karatasi. Notburga akachomoa fyuzi mbili za kijani, akaziinua kwenye mwanga wa mlango. Zote mbili uzi wake wa ndani ulikuwa umekatika na kuwa mweusi.

"Zimekufa zenyewe ili mashine isife," alisema. "Ndiyo kazi yake. Daktari Leo alisema fyuzi ndiyo mtumishi pekee anayekufa kwa ajili ya bosi."

Akafungua fundo la kitenge, akatoa mbili nzima, akazisukuma ndani. Nusu iliyobaki ya kile kitambaa akaifunga shingoni mwa waya mweusi. Kisha akatoka tena, akarudisha waya kwenye betri, akakaza, akafunika, akajipangusa mikono kwenye aproni. Pakabaki swichi ya ukutani.

"Washa wewe, Daktari. Nisije nikaambiwa nimeiroga."

Careen akawasha. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha feni ndogo ya mashine ikaanza kuvuma, na taa ya juu ya kiti ikafumbua jicho lake jeupe kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Kule nyuma pampu ikakohoa, ikameza hewa, ikashika, na maji yakatoka kwenye sinki kahawia, halafu njano, halafu safi.

"Mashallah," alisema Twaha kutoka uani. Alisimama kidogo akilitazama lile jiko lake la chipsi likimponyoka. "Basi, haikuwa riziki yangu." Akaacha kifuko cha korosho juu ya dumu, akaaga, akaenda. Notburga alilazimika kumtoa kwenye lile kapu, jambo ambalo halikumfurahisha, maana alikuwa amemzoea mle.

Alitegemea Careen amkumbatie. Careen alikuwa akiitazama ile taa, kisha akautazama ule waya mweusi na kitambaa chake.

"Ulijua," alisema.

"Nilimwambia."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Akanitukana."

"Na mimi nilikuuliza."

Notburga akachukua kitambaa cha sakafu. Aliinama akaanza kufuta nyayo, kwa nguvu, kwenda na kurudi.

"Kwenye kabati lile uso unakuwa karibu," Careen alisema. "Ile cheche ingemruka jichoni je?"

"Ulicheka, Daktari."

"Nilicheka. Nilikosa, na ninakuomba radhi." Ile aibu yake ya kuwasemesha wakubwa ilikuwapo, lakini aliendelea. "Lakini Ijumaa nitakuwa nimeinama juu ya mtu Hanga, na sindano mkononi. Wewe ndiye unayeona upande nisiouona. Siku nikikukosea adabu asubuhi, na mchana ukaona nashika jino lisilo lenyewe, utaniambia? Au utaniacha nione?"

Kitambaa kilisimama. Unyayo mmoja ulikuwa bado haujafutika, ule wa karibu na kiti, mguu wa kushoto. Notburga akauacha, akakikamua kitambaa, akainuka.

"Kaa," Careen alisema.

Hapakuwa na pa kukaa isipokuwa kile kiti. Notburga alikaa, na katika miaka kumi na tisa ilikuwa mara ya kwanza. Hakuwa amejua kwamba mtu akikaa pale taa humpiga usoni kiasi hiki, kwamba haoni waliosimama, anaona mwanga tu na kivuli cha mikono. Careen alibonyeza simu, akawasha spika, akaiweka mapajani mwa Notburga.

"Mwambie ilikuwa nyeusi. Mwambie ulijua."

"Huyo? Hata shikamoo hakunipa."

"Ndiyo, huyo."

Simu iliita. Pampu ilikuwa ikinguruma kwenye sinki, na maji yalikuwa yakitiririka bure, na mtu angepaswa kuyafunga. Simu ikaita tena. Kisha kulikuwa na kelele za barabara, honi, na sauti ya kijana aliyeumia, inayojikaza.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Notburga alishika mikono ya kiti. Viganja viwili vilikuja kutoka nyuma ya mwanga, vyepesi, vikamshika mashavu.

"Fungua mdomo, mama," Careen alisema.